Poliesta au epoksi? Namna ya kuchagua kabla hujaziba boti yako hapa Tanga

Kaka yangu ana boti ya faiba ya futi 22. Mwezi wa pili mwaka juzi, kaskazi ikivuma na jua la Tanga likiwa halina huruma, iligonga mwamba ikapasuka chini, karibu na mkuku. Fundi akakoroga resini ya poliesta, kile kimiminika kinachogandisha faiba, kwenye ndoo, akamimina hadena, dawa ya kuigandisha, kwa kifuniko cha chupa, kipimo kilekile alichozoea kukitumia mwezi wa saba. Hajafika nusu ya kiraka, ndoo ikaanza kufuka moshi na resini ikawa jiwe. Mara ya pili akaogopa, akatia matone machache tu. Siku tatu baadaye kiraka kilikuwa bado kinanata. Kaka akapoteza giza zima la dagaa, zile siku zisizo na mbalamwezi.

Fundi yule si mvivu wala si mzembe. Amejenga na kuziba boti nyingi kuliko nilizowahi kupanda. Ila hakuna aliyewahi kumweleza kile anachomimina ni kitu gani, na hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu linaelezeka kwa dakika kumi.

Tangu siku ile, mtu akiniuliza anunue poliesta au epoksi, resini mbili za kuzibia boti, namuuliza kwanza: hiyo chupa ndogo utakayopewa pamoja na mkebe mkubwa, inaianzisha kazi tu, au yenyewe inageuka kuwa sehemu ya kazi? Jibu lake ndilo linaloamua upimeje, upake saa ngapi, na ukikosea utasamehewa au la. Bei nitaifikia, lakini bei ifuate nyuma.

Hadena mbili zisizofanana

Dukani zote mbili zinaitwa hadena. Ukinunua poliesta unapewa chupa ya kimiminika cheupe kama maji, imeandikwa MEKP, kifupi cha methili ethili ketoni peroksaidi. Ukinunua epoksi unapewa mkebe wa pili, mara nyingi wa rangi ya asali, wenye harufu inayokaribia amonia. Jina moja, kazi mbili tofauti kabisa.

Mimi ni mwalimu wa kemia. Darasani huwa tunaweka haidrojeni peroksaidi kwenye chupa, wanafunzi wanaitazama na hawaoni kitu. Halafu tunatia kijiko cha unga mweusi wa manganizi dioksaidi, na chupa inachemka mapovu ya oksijeni. Mapovu yakiisha tunauchuja ule unga, tunaukausha, tunaupima: uzito ni uleule. Hicho ndicho kichocheo. Kinaharakisha mmenyuko, chenyewe hakiliwi. Tabia hiyo ilipewa jina na Msweden Jöns Jacob Berzelius mwaka 1835, na leo viwanda vingi vimesimama juu yake. Mfuko wa urea unaopandishwa milimani Lushoto umeanzia kwenye amonia iliyotengenezwa juu ya chuma kinachochochea naitrojeni na haidrojeni ziungane. Mafuta mepesi ya mimea hugandishwa kuwa mafuta mazito kwa msaada wa nikeli.

Sasa turudi kwenye ndoo ya fundi. Resini ya poliesta ni minyororo mirefu iliyoyeyushwa ndani ya staireni, kile kimiminika ambacho harufu yake inakupokea kabla hujafika karakana. Staireni inafanya kazi mbili. Kwanza inailegeza resini ili ipakike. Kisha inajifunga kama vidaraja kati ya mnyororo na mnyororo, mpaka kimiminika chote kinakuwa kitu kimoja kigumu. Vidaraja hivyo vinahitaji wa kuvianzisha, naye ni MEKP. Ni peroksaidi, ndugu wa ile ya darasani. Ikivunjika inatoa vipande vyenye njaa ya kuungana na chochote, na kipande kimoja kikishika staireni, safari ya kuganda imeanza.

Mafundi wengi, na hata waandishi wa vibandiko vya chupa, huiita MEKP katalisti, yaani kichocheo. Kikemia hilo ni kosa: MEKP inavunjika, na vipande vyake vinabaki vimeshikamana kwenye ncha za minyororo. Kichocheo cha kweli ni kile fundi asichokiona, kobalti. Ni kitone kidogo cha kimiminika cha zambarau, ambacho kwa resini nyingi za siku hizi kimeshatiwa kiwandani, ndiyo maana resini hiyo mara nyingi ina wekundu hafifu. Kobalti inampa peroksaidi elektroni moja, peroksaidi inavunjika. Kisha kobalti inajirudishia elektroni kwa kuvunja peroksaidi nyingine, na kurudi ilivyokuwa. Inarudia hivyo mara nyingi sana. Bila kobalti, MEKP kwa joto letu la kawaida ingekaa ndani ya resini ikichelewachelewa, na wewe ungekaa pembeni ya boti ukingoja.

Kitone hichohicho kimo kwenye rangi nyingi za mafuta unazopaka milangoni, nako kinaharakisha kukauka. Tofauti ni kwamba rangi ya mafuta inaihitaji hewa ili ikauke, wakati poliesta inachukia hewa. Oksijeni inavikamata vile vipande vyenye njaa kabla havijafika kazini, na ndiyo sababu uso wa poliesta hubaki unanata hata pale ambapo ndani kumeshakuwa jiwe. Kwa tabaka la mwisho mafundi hutumia resini iliyotiwa nta. Nta inapanda juu, inaifungia hewa nje, na uso unakauka.

Epoksi haina hadithi hiyo. Hadena yake ya kawaida ni amini, jamaa ya amonia, na kila molekyuli yake inaingia ndani ya plastiki na kukaa humo. Fikiria mtu anayesuka ukili kwa miyaa ya rangi mbili. Akiwa na miyaa mingi ya rangi moja kuliko nyingine, ile iliyozidi inabaki inaning'inia bila mwenza, na ukili unafumuka. Hadena ya epoksi ni miyaa ya rangi ya pili. Haiharakishi mtu, inasukwa.

Kipimo

Kwa hiyo poliesta ina nafasi ya kucheza. Kwa kilo moja ya resini unaweza kutia gramu 10 za MEKP, au 15, au 20, yaani asilimia 1 hadi 2, na ukabadilisha kulingana na joto la siku. Ukishuka chini ya asilimia 1, resini huenda isigande sawasawa hata ukiisubiri wiki, kwa sababu cheche zimekwisha kabla kazi haijakwisha. Ukizidisha mpaka 3 na zaidi, joto linapanda vibaya, kiraka kinapata nyufa, na MEKP iliyobaki inaidhoofisha plastiki. Fundi wa kaka aligonga kuta zote mbili katika wiki moja.

Epoksi haina nafasi hiyo. Kibandiko kikisema sehemu 2 kwa 1, ni 2 kwa 1. Kikisema 5 kwa 1, ni 5 kwa 1. Angalia pia kama wamesema kwa ujazo au kwa uzito, maana havilingani. Nimewaona watu wazuri, wenye uzoefu mrefu wa poliesta, wakiongeza hadena kwenye epoksi "ikauke upesi." Haikauki upesi. Inabaki laini kama mpira na haina dawa, ni kuikwangua yote. Ukitaka epoksi ya haraka, nunua hadena ya haraka. Ukitaka ya polepole, nunua ya polepole. Uamuzi huo unafanyika dukani, ukifika ufukweni umeshachelewa.

Kwa vyovyote, nunua mizani ndogo ya jikoni na bomba la sindano lisilo na sindano. Vyote viwili kwa pamoja havifiki hasara ya kilo chache za resini zilizogeuka jiwe ndani ya ndoo.

Joto, unyevu na pepo zetu

Maelekezo mengi kwenye mikebe yameandikwa kwa joto la nyuzi 20 au 25. Tanga mchana wa Februari unapita nyuzi 31. Wanakemia wana kanuni ya makadirio kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka, mmenyuko wa kawaida unaenda kasi takriban mara mbili. Resini iliyokupa dakika 25 mwezi wa saba asubuhi haitakupa hizo Februari saa saba mchana. Tena kuganda kwenyewe kunazalisha joto, na resini ikiwa imerundikana kwenye ndoo ndefu joto halina pa kutokea, basi linajichochea lenyewe. Ndio ule moshi wa kaka. Mimina kwenye beseni pana, kina cha vidole viwili, na changanya kiasi kidogo kidogo. Hili ni kwa zote mbili, lakini epoksi ina kiburi zaidi: ndoo iliyojaa epoksi kwenye jua inaweza kukuwahi hata kama hadena ni ya polepole.

Wakati wa kaskazi, poliesta iwekwe karibu na asilimia 1, na kazi ianze alfajiri. Kusi ikishaingia na asubuhi kukiwa na ubaridi, asilimia 1.5 hadi 2 inafaa. Tuna bahati moja ambayo mafundi wa nchi za baridi hawana: sisi hatufikii ule ubaridi wa nyuzi chini ya 15 unaoifanya poliesta igome kabisa.

Unyevu ndio adui wa epoksi hapa pwani. Hadena ya amini inapokutana na mvuke wa maji na hewa ukaa, huacha utando juu unaoteleza kama sabuni. Ukipaka tabaka jingine juu ya utando huo, halitashika. Dawa yake ni rahisi ila wengi wanaigeuza: osha kwanza kwa maji safi na kitambaa, kausha, ndipo upige msasa. Ukianza na msasa unausambaza utando na kuusugulia ndani. Kwenye masika nisingeanza kazi ya epoksi bila turubai la juu na siku mbili za kuamini.

Kuna jambo la kuhifadhi pia. Poliesta iliyokaa miezi kwenye duka la mabati lenye joto inaanza kuganda yenyewe, na MEKP inapoteza nguvu. Niliwahi kununua mkebe duka moja mjini, nikaufungua nyumbani nikakuta chini kuna uji mzito kama wa mhogo. Siku hizi naomba mkebe uinamishwe mbele yangu nisikie unavyocheza, na naangalia tarehe. Epoksi inavumilia kukaa zaidi. Ikiingia chengachenga kama asali iliyoganda, iweke kwenye maji ya moto, inarudi.

Inashika nini?

Hapa ndipo epoksi inapojipatia heshima yake. Poliesta inaposhikana hujikunyata, kwa ujazo hupungua asilimia 5 hadi 8 hivi, na kujikunyata huko kunaivuta itoke pale ilipobandikwa. Epoksi hupungua kidogo sana na inashika mbao, chuma kilichosafishwa, na poliesta kuukuu. Kinyume chake hakifanyi kazi. Poliesta juu ya epoksi mara nyingi haikauki vizuri wala haishiki, kwa sababu amini inaingilia kazi ya peroksaidi. Basi kama boti imeshazibwa kwa epoksi, endelea na epoksi. Muulize aliyekuuzia boti.

Kitambaa nacho kina mwenyewe. Ule mkeka wa faiba wa nyuzi fupi zilizotawanyika umeshikizwa na gundi ambayo kwa kawaida imetengenezwa iyeyuke ndani ya staireni. Epoksi haina staireni. Ukiupaka, unabaki mgumu, haulali kwenye kona. Kwa epoksi tumia kitambaa cha kufumwa.

Wenzangu wa Tanga huniuliza kuhusu mkonge, na ninaelewa kwa nini: zao limekuwa letu tangu lilipoletwa mwaka 1893, nyuzi zipo, na zinauma kuonekana zikiuzwa nje huku tukinunua faiba ya kioo. Jibu langu la kweli ni kwamba mkonge ndani ya resini unafaa kwa mbao za ukuta, masanduku, hata vifuniko vya juu ya sitaha. Chini ya mstari wa maji usiutumie. Nyuzi zake hunywa maji, zikivimba zinajitenga na resini. Kuzichovya kwenye maji ya kostiki soda kunasaidia resini ishike, lakini hakuondoi kiu yake.

Mzee wa Tongoni na mashua yake

Mwezi uliopita nahodha mmoja wa Tongoni alinifuata shuleni. Nikampa shikamoo, akaitikia, akakaa kwenye dawati la mbele.

"Mwalimu, mashua yangu ya mbao imenichosha. Kila mwaka kukalafati, kila mwaka kupaka mafuta ya sifa, na deheni chini. Nataka niivike faiba yote, nipumzike. Nitumie ipi kati ya hizo mbili zako?"

"Wewe mzee, usitumie hata moja."

Alinikazia macho, ikabidi nieleze. Mashua ya mbao za kuunganishwa imejengwa ili ipumue. Ikiingia majini mbao zinavimba na kubana pamba ya kalafati, ikipandishwa zinasinyaa. Ukiivika ganda gumu, mbao zinaendelea kucheza ndani huku ganda halichezi. Poliesta itabanduka mapema. Epoksi itashika zaidi, lakini inataka mbao kavu kweli, na mbao iliyoishi baharini miaka yote haikauki kwa wiki mbili za jua. Maji yatakayoingia yatakwama kati ya ganda na mbao, na kuoza kutaanza pale usipoona. Pamba, sifa na deheni vinadai mikono yake kila mwaka, ndiyo, lakini vinamwonyesha kila mwaka mbao ipi imechoka. Mafundi wa Bagamoyo na wa kwetu hawakuushikilia utaratibu huo kwa ukaidi.

Ngalawa ni habari nyingine. Ni gogo moja, halina viungo vya kucheza. Ufa wa ngalawa uliokaushwa kivulini vizuri, ukajazwa epoksi iliyochanganywa na unga laini wa mbao, unakaa.

Hatari ambazo sitaki uzijue kwa uzoefu

Kama resini yako haijatiwa kobalti na umeuziwa kichupa cha zambarau kando, sikiliza hili kuliko yote niliyoandika: kobalti na MEKP zisikutane zenyewe kwa zenyewe hata tone. Zikikutana nje ya resini zinalipuka au kuwaka. Koroga kobalti kwanza ndani ya resini mpaka rangi ienee yote, ndipo utie MEKP. Usizipime kwa kifaa kimoja, usizihifadhi rafu moja. MEKP usiizimue kwa asitoni, na iliyomwagika usiifute kwa unga wa mbao. Ikiruka jichoni inaweza kupofusha. Vaa miwani, na ikitokea, osha kwa maji yanayotiririka dakika 15 au zaidi huku mwenzako anatafuta usafiri wa hospitali.

Staireni inatoa mvuke wa kushika moto kuanzia nyuzi 31 hivi, ambazo ni mchana wetu wa kawaida wa kaskazi. Hakuna sigara, hakuna jiko la mkaa karibu. Mvuke wenyewe haufai kuvutwa: wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka staireni mwaka 2018 kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Fanyia kazi mahali pa wazi, upepo ukikupiga ubavuni.

Epoksi haina harufu kali kama ya staireni, na hapo ndipo inapodanganya. Hatari yake ni ngozi. Mtu anaifanyia kazi mikono mitupu miezi sita bila tatizo, siku moja mikono inawasha na kuvimba, na kuanzia hapo mwili hauikubali tena maisha yote. Glavu tangu siku ya kwanza, na usinawe mikono kwa asitoni.

Ningechagua nini

Kujenga boti mpya ya faiba kwenye kalibu, au kuongeza tabaka pana kwenye boti ya poliesta ambayo bado ni nzima: poliesta. Epoksi ni ghali mara kadhaa, na kwa eneo kubwa hutaona faida inayolingana na fedha. Boti itakayokaa majini mwaka mzima bila kupandishwa inastahili resini ya tatu, vinili esta, kwenye tabaka la nje kama utaipata. Inaganda kwa MEKP na kobalti vilevile, ila inavumilia maji zaidi na haipati haraka yale malengelenge chini ya rangi.

Kuziba tundu au ufa chini ya mstari wa maji kwenye boti ya zamani: epoksi, bila kubishana. Kiraka ni kidogo, kwa hiyo bei si kubwa, na kinachohitajika pale ni kushika. Kwangua kuzunguka tundu mteremko wa upana mara 12 ya unene wa ganda, ili kiraka kipate uwanja. Ngalawa yenye ufa: epoksi, ikikauka. Mashua ya mbao za kuunganisha: fundi wa kalafati.

Boti ya kaka tuliirudia kwa epoksi mwezi wa sita, yeye na fundi yuleyule, mimi nikishika mizani. Fundi ndiye aliyetufundisha jambo ambalo sasa nalifanya kila mara, hata na mkebe niliouamini. Kabla ya kugusa boti, changanya vijiko viwili kwenye kikombe cha plastiki, kwa kipimo kamili, ukiweke kivulini palepale utakapofanyia kazi. Andika saa. Chovya kijiti kila dakika mbili. Dakika ambayo kijiti kinatoka na uzi unaovutika kama wa bamia, soma saa tena: huo ndio muda wako wa siku hiyo, na kwenye beseni kubwa utakuwa mfupi zaidi.